Tulivyokausha Mahindi Katikati ya Mvua

Watu wakikaa kujisifu, huyu husema alijenga nyumba ya mawe, yule alisomesha watoto mpaka chuo kikuu, mwingine aliwahi kusalimiana na waziri. Zamu yangu ikifika, mimi husema nilikausha magunia ishirini ya mahindi kule Misikhu, mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha kila siku, nikisaidiana na mtu ambaye sikuruhusiwa kumwangalia usoni. Hapo wote husogeza viti karibu. Nami huagiza chai nyingine, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na sipendi kuikatisha.

Mtu huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Mimi ni mtoto wa Kitale. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa Kati, wakanunua shamba nje kidogo ya mji, na mimi nikazaliwa na kulelewa ndani ya mahindi. Kwa hiyo nina kiburi cha watu wa Kitale. Tunaamini mahindi ni yetu, na wengine wote wanajaribu tu. Nilipooa msichana wa Misikhu, mwalimu aliyepangiwa kazi katika shule ya msingi karibu na kwetu, nilikwenda kwao nimebeba kiburi hicho hicho pamoja na sukari na mikate.

Siku ya kwanza nilimkosea mama yake bila kujua. Mama alitokea mlangoni na sinia ya chai, nami kijana mwenye adabu zangu nikainuka, nikanyoosha mkono nimsalimu. Mama aliweka sinia chini, akajifunika uso kwa leso, akazunguka nyuma ya jikoni, na sikumwona tena siku hiyo. Wajomba wa mke wangu walicheka mpaka chai ikawapalia. Ndipo nikaelezwa kwamba kwa Wabukusu mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawali mmoja akimwona mwenzake, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Si chuki, ni heshima, na kadiri mama anavyokuheshimu ndivyo anavyokaa mbali nawe. Mimi niliona nimefukuzwa. Ilinichukua kama miaka miwili kuacha kununa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, simu za mkono ndiyo zimeanza kufika kwa watu wa kawaida, na mvua zilikuwa zimeanza vituko vyake. Baba mkwe alikuwa ameshafariki na kuzikwa pale pale bomani. Mama alibaki peke yake na ekari moja na nusu, ng'ombe mmoja na kuku. Kila Machi alikuwa akipanda mahindi ya haraka, yale ya miezi minne au mitano, anavuna Agosti, halafu anapanda maharagwe. Ndivyo wanavyolima upande ule wa Bungoma, misimu miwili kwa mwaka. Lakini mwaka mmoja Agosti ilinyesha bila kupumua. Mahindi yalichipua yakiwa bado kwenye gunzi, na yale aliyofanikiwa kuvuna yakashika ukungu ndani ya stoo. Mama alikula unga wa dukani mwaka mzima.

Mimi, mtaalamu wa Kitale, nikaingilia kati. Nilimpelekea mbegu yetu ya milimani, ile inayokaa shambani muda mrefu. Nilimwambia mke wangu amweleze mama kwamba mbegu hiyo itapita juu ya mvua za Agosti, ikomae Oktoba, ikauke kwa jua la Novemba, basi kazi imekwisha. Maharagwe yangekosa nafasi mwaka huo, lakini mahindi yangejaa. Hesabu ilikuwa nzuri sana. Niliieleza mezani nikipiga kidole juu ya kitambaa, na mke wangu akasogeza kikombe chake pembeni.

Machi ikapita kavu. Waliopanda kwenye vumbi walilazimika kupanda upya. Mvua ilikuja mwishoni mwa Aprili, na mbegu yangu iliyotaka muda mrefu ikaanza safari ikiwa imechelewa. Ilikua vizuri, sisemi uongo. Mabua yalikuwa mazito, magunzi yamelala mawili mawili. Ikafika Novemba, mahindi yakakomaa, na jua la Novemba nililoahidi halikuonekana. Kila siku saa nane mchana mawingu yalishuka, yakamwaga maji mpaka jioni. Redio ilisema kutakuwa na mvua katika maeneo machache. Sijui hayo maeneo machache huwa ni wapi, maana kila mwaka ni sisi.

Hapo ndipo shemeji zangu wawili walipotoa uamuzi. Mmoja alikuwa Nairobi, na yule mkubwa alikuwa na biashara Kitale. Walisema mama amechoka, na mazao yakioza mara ya pili, shamba litakodishwa kwa watu wa miwa, na mama atahamia Tuwan, mtaa mmoja wa Kitale uliosongamana, katika chumba nyuma ya nyumba ya yule mkubwa. Wangekuja Jumamosi ya kwanza ya Desemba kuangalia stoo. Ikiwa na chakula cha mwaka, sawa. Ikiwa tupu, mama afungashe.

Mama hakuwahi kulala Tuwan hata siku moja. Alimwambia mke wangu kwa simu ya jirani kwamba huko watu wanapika juu ya vichwa vya wenzao, na yeye hawezi kumwacha baba yao peke yake kwenye kaburi lililozungukwa na miwa. Mke wangu alilia. Kisha alifuta machozi akanigeukia.

"Mbegu ulipeleka wewe," alisema. "Nenda ukaikaushe."

Nilijaribu kujitetea kwamba nina shamba langu, lakini hata mimi nilijua kwamba kwetu baridi huchelewesha mambo, na mahindi yangu yalikuwa bado na kijani. Asubuhi yake nilifunga gambuti na maturubai mawili makubwa, nikaondoka. Nilipanga chumba pale sokoni Misikhu, kwa sababu mkwe halali bomani kwa mama mkwe.

Kuvuna hakukunishinda. Vijana wawili wa kuajiriwa walivunja mahindi siku tatu, wakayabeba, wakalipwa wakaenda zao. Majirani waliokuja kwa zamu walisaidia kupukuchua, wanawake upande wa mama, mimi upande wangu, vidole gumba vikitoka malengelenge. Punje zilikuwa nzito za unyevu. Ukiuma moja inapasuka laini chini ya jino, na mahindi ya namna hiyo ukiyafungia stoo, baada ya wiki yanatoa joto, yananuka, basi. Ilibidi yaanikwe. Majirani nao walikuwa na mahindi yao ya kuhangaikia, kwa hiyo wakarudi makwao, na katika boma lile tukabaki mimi, mama mkwe na ng'ombe.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Asubuhi jua linatoka saa tatu, unamwaga mahindi juu ya turubai, unayatandaza kwa reki. Saa nane mvua inafika. Turubai kubwa namna ile lenye mahindi halikunjwi na mtu mmoja. Linataka watu wawili, mmoja kila upande, waliinue na kukutana katikati wakipeana ncha. Uso kwa uso, mkono kwa mkono.

Siku ya kwanza tulishindwa vibaya. Mawingu yalipokuja, mama alitoka jikoni amejifunika leso mpaka puani, akashika ncha yake akiwa amenipa mgongo. Mimi nikashika yangu nikiwa nimempa mgongo. Tukaanza kurudi kinyumenyume kila mmoja kwa mwenzake, na tulipokaribia, mama akasikia hatua zangu, akaacha ncha na kukimbia. Mahindi yakamwagika kwenye tope. Nilibaki hapo nalowa, nikitukana mvua, mbegu na siku niliyozaliwa. Niliokota punje mpaka giza likaingia.

Chakula cha jioni nilikikuta juu ya stuli kando ya stoo, kimefunikwa kwa sahani. Kutoka nyuma ya jikoni nikasikia sauti ya mama. Hakuwa akisema na mimi. Alikuwa akisema na ng'ombe.

"Wewe ng'ombe, ambia huyo mtu wa Kitale chakula iko kwa kiti. Na asiache mlenda. Hiyo ndiyo inapea mtu nguvu, si hizo viazi zao."

Ng'ombe aliendelea kutafuna. Mimi sikuwahi kupenda mlenda, ile mboga inayoteleza kabla hujaamua kuimeza, lakini niliimaliza yote. Kisha nikaona na mimi pia nina mdomo, na ng'ombe ni wa wote.

"Ng'ombe," nilisema, "mwambie mama asante. Na mwambie kwamba ile mbegu ilikuwa makosa yangu. Nilijifanya najua mvua ya Misikhu kuliko mtu aliyekaa Misikhu miaka arobaini. Naomba radhi."

Sikuwa nimepanga kusema hayo. Yalitoka tu, pengine kwa uchovu. Nilisikia mama akisogeza sufuria.

"Ng'ombe," alisema, "mwambie mbegu haina ubaya. Ilizaa. Ni yeye tu iko na haraka ya kufundisha watu." Akafunika sufuria. "Harafu mwambie kesho alete kamba. Ndefu. Nne."

Nilikwenda sokoni asubuhi na mapema nikanunua kamba nne, nikaziacha juu ya stuli bila kujua ni za nini. Nilipotoka kuleta mahindi, nikakuta mama ameshaondoka kwenye turubai na kamba zimefungwa. Nilizunguka turubai lile mara mbili kabla sijaelewa. Turubai lilikuwa katikati ya uwanja, jikoni upande mmoja, stoo upande mwingine. Kwenye ncha mbili za upande wa stoo, yaani upande wangu, alikuwa amefunga kamba zinazovuka juu ya mahindi mpaka nyuma ya kona ya jikoni, kwake. Na kwenye ncha mbili za upande wake alikuwa amefunga kamba zinazovuka mpaka nyuma ya stoo, kwangu. Yeye akivuta, upande wangu unajikunja kuelekea kwake na mahindi yanaviringika katikati. Mimi nikivuta, upande wake unakuja juu ya ule wangu unafunika. Hakuna anayemwona mwenzake. Hakuna hata anayetoka chini ya paa.

Naomba nikiri kwamba nilicheka peke yangu pale nyuma ya stoo. Mama huyu aliishia darasa la nne, na sisi Kitale, pamoja na matrekta yetu yote, mvua ikija tulikuwa tukikimbia huku na huko tukipiga kelele, kila mtu akimlaumu mwenzake.

Saa nane mawingu yalishuka kama kawaida. Nilisikia mama akimwambia ng'ombe, "Sasa." Kamba zake zikakaza, upande wangu ukainuka, mahindi yakaviringika kwa sauti tamu. Kisha nikavuta mimi. Turubai lilifunga. Chini tulikuwa tumetandika mabua makavu, kwa hiyo maji yalipita chini yake yakaenda zake bondeni. Mvua ilipoisha jioni nikaingiza mkono ndani. Punje zilikuwa kavu na bado zina joto la jua. Nilizishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Basi tukaendelea hivyo. Kila siku anika, kila siku funga. Tulipopata mwendo tukaunganisha turubai la pili, tukawa tunafunga yote mawili kabla matone hayajafika kutoka langoni hadi uwanjani. Nikajifunza mvua za pale kwa kusikiliza mahubiri aliyopewa ng'ombe. "Ng'ombe, hiyo ya mulima haisumbui watu, inatuma upepo baridi kwanza, mtu anapata nafasi. Hiyo ya kutoka chini kwa ziwa ndiyo mbaya, inakuja tu kama mwizi." Mimi nilikuwa na redio mfukoni, na baada ya siku nne nikaacha kuifungua.

Tulibishana pia. Mimi napima ukavu kwa meno, ndivyo baba yangu alivyonifundisha. Mama alipima kwa chumvi. Alikausha chumvi kwenye sufuria, akaitia na punje ndani ya chupa ya soda, akafunga, akatikisa, akaiacha. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado. Siku ya tano meno yangu yalisema tayari. Mama aliweka chupa juu ya stuli, na chumvi ilikuwa imegandamana pande zote. Nilijibu kwa ng'ombe kwamba chumvi ya Bungoma ina unyevu wa kuzaliwa. Kutoka nyuma ya jikoni nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nioe. Mama mkwe alikuwa anacheka.

Magunia ya kwanza yaliingia stoo. Kisha mengine. Ilipobaki wiki moja shemeji waje, yalibaki kama magunia saba ya mwisho, na tuliyamwaga yote kwa pamoja ili tumalize. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Saa tano na nusu nilikuwa nimekaa nyuma ya stoo nakula muwa, sina wasiwasi wowote, maana mvua ni ya saa nane. Ghafla kuku wote wakaingia jikoni kwa mpigo mmoja. Hakukuwa na upepo baridi, hakukuwa na kitu. Nikainua macho, nikaona upande wa ziwa kumekuwa kweusi na chini ya weusi ule kuna utepe mweupe unaokuja.

"Ng'ombe," mama alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya kawaida, "hiyo ni mvua ya mawe."

Nilitupa muwa nikavuta kamba zangu. Upande wake ukaja vizuri, ukafunika nusu. Nikangoja upande wangu uinuke. Haukuinuka. Kisha nikasikia mama akianguka chini kwa kishindo na kusema "Yesu." Kamba zake zilikuwa zimekatika. Zilikuwa zimechoka kwa wiki mbili za kulowa na kukauka, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuzikagua. Mahindi ya upande wangu yalikuwa wazi yakitazama mbingu.

Dawa ilikuwa moja. Mtu ashike ncha za upande wangu kwa mikono, atembee nazo kuelekea jikoni. Yaani atembee moja kwa moja kuelekea kwa mama mkwe wake. Jiwe la kwanza la barafu lilinigonga begani. Nilivua koti, nikalifunga kichwani likafunika uso wote, nikapapasa mpaka nikashika ncha mbili, nikaanza kwenda mbele nikiwa kipofu, nimebeba turubai lenye mahindi.

"Ng'ombe, mwambie aende mbele," nilisikia. "Mbele. Sasa kidogo kushoto. Si hiyo, hiyo ni kulia. Ati kwani kushoto ya Kitale iko wapi? Haya. Hapo. Mwambie alale."

Nikalala. Nilijitupa kifudifudi juu ya mshono pale katikati, mikono nimeitanua, na mvua ya mawe ikatufikia. Sijawahi kupigwa namna ile hata nikiwa shuleni. Mawe yalikuwa makubwa, yalinidunda mgongoni, shingoni, visigino. Upande wa jikoni upepo ulianza kuinua pembe ya turubai, nikajua siwezi kuifikia. Kisha nikasikia mlio wa ajabu, ngo ngo ngo ngo, na turubai likatulia. Mama alikuwa ametoka, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye kupitia ng'ombe. Alikuwa amevaa karai kichwani, akanipa mgongo, akakalia ile pembe. Mawe yalikuwa yakipiga karai lake, naye chini yake alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa Kibukusu, kwa sauti ya juu, akishindana na mbingu.

Na mimi nikaanza kuimba. Sikujua maneno, nikaweka ya Kikuyu. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani, wakwe wawili waliopeana migongo, kila mmoja na lugha yake, tukiyakalia mahindi. Nilikuwa naumia mwili mzima, na nakumbuka wazi kwamba nilikuwa na furaha.

Mvua ilipopita, uwanja ulikuwa mweupe. Migomba ya jirani ilikuwa imechanika ikawa nyuzi. Mama alirudi jikoni kwanza. Nilisikia karai likiwekwa chini, ndipo nikafungua koti usoni. Niliingiza mkono chini ya turubai mpaka kwenye bega. Kavu. Nikajaribu upande mwingine, na mwingine. Kavu kote. Nilikaa chini kwenye barafu nikalia kidogo, sioni aibu kusema.

"Ng'ombe," nilisema nilipopata sauti, "mwambie mama yamepona yote."

"Ng'ombe," mama alijibu, "mwambie nimeona. Na mwambie aje achukue mafuta ya kupaka mgongo, iko kwa kiti."

Majirani walikuja alasiri kutoa pole, kwa sababu kila aliyekuwa ameanika siku ile alipoteza. Hawakukuta cha kutolea pole. Walizunguka turubai, wakashika kamba, wakauliza inakuwaje. Mama alieleza kutoka jikoni na mimi nikaonyesha kutoka stoo, na wanaume wazima wakavuta na kuachia kama watoto. Mzee mmoja wa kanisani kwao alisema tangu azaliwe hajaona heshima ya mkwe ikikausha mahindi. Nilimwambia hata mimi sijaona, na Kitale nzima haijaona.

Siku nne baadaye chumvi ilianguka chini ya chupa bila kushika popote. Tulifunga gunia la ishirini, nikalipandisha juu ya mengine, na mlango wa stoo ukafunga kwa kusukumwa na goti.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba shemeji zangu walifika na gari la yule mkubwa. Mke wangu pia alikuwa amekuja, akaingia jikoni kwa mama yake. Yule mkubwa aliegesha gari katikati ya uwanja, akashuka na bahasha yenye karatasi za watu wa miwa, akanisalimu kwa huruma kama mtu aliyekuja kwenye matanga. Alisema chumba cha Tuwan kimepakwa rangi. Nilimpa ishara ya kichwa kuelekea stoo.

Waliingia wote wawili. Walikaa humo muda mrefu. Nilisikia mkono ukipiga gunia moja baada ya jingine, kisha punje zikitafunwa. Yule mdogo alitoka wa kwanza akitabasamu kwa aibu. Mkubwa akatoka nyuma yake, bahasha ikiwa bado kwapani, akasafisha koo na kuanza maneno marefu. Kwamba sawa, mwaka huu Mungu amesaidia, lakini mvua zimebadilika, na mama umri unakwenda, na mwakani nani atajua.

Wakati anaongea, wanawake watatu walisimama kwenye lango wakiwa na magunia ya mahindi mabichi kichwani, na nyuma yao mzee na baiskeli yenye mengine mawili. Kumbe mama alikuwa amewaambia waje waanike kwake. Ilikuwa saa tatu kasoro na jua lilikuwa limeanza kushika. Mama alitoka jikoni. Mimi nikageuka ukutani kama inavyotakiwa, kwa hiyo sikuona uso wake, nilisikia tu.

"Umemaliza?" alimuuliza mwanawe.

"Bado, mama. Nilikuwa nasema mwakani..."

"Mwakani utasema mwakani. Toa gari yako kwa uwanja. Watu wanangoja jua."

Kisha nikasikia mlango wa gari ukifunguka, injini ikawaka, na gari likarudi nyuma polepole mpaka nje ya lango.